Hatukuuliza Upande wa Baba

Neema, na nyie wengine mnaobaki kwenye chumba cha mwisho cha kliniki, kile chenye dirisha lisilofungika: mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, kisomwe siku ya kuniaga. Siku hiyo niliwasomea karatasi moja, mkapiga makofi, tukala pilau. Haya ndiyo niliyoshindwa kuyasoma mbele ya pilau. Vyeo na kozi vimo kwenye faili langu, panya wakiacha mtavisoma. Mimi nataka kuwaeleza habari ya familia moja niliyoiuliza swali nusu, na ya binti yao anayeitwa Saida, ambaye atarudi kwenye chumba hicho mwezi wa sita.

Nilizaliwa Lutindi, juu kule kwenye baridi, na kituo changu cha kwanza kikawa Handeni, kwenye joto na shida ya maji. Nilifika na viatu vyeupe vipya. Muuguzi mkuu, Mama Mhina, aliviangalia akasema, "Hivyo ni vya harusi. Vua, tuna wodi ya kudeki." Uuguzi wangu ulianza kwa ndoo na tambara.

Mama Mhina alikuwa na kimfuko cha kitenge alichokishona mwenyewe. Alikijaza mchele, na ndani ya mchele akaficha punje moja ya hindi, harage moja na kokwa moja ya ubuyu. Kila asubuhi kabla ya chai alinitupia mapajani. "Haya, nitafutie." Vidole vitatu vya katikati, vilale bapa, visidonoe kama kuku. Zungusha, bonyeza kidogo, bonyeza zaidi, sogea. Harage nililipata siku ya pili nikajiona bingwa. Punje ya hindi ilinichukua wiki mbili. Nilipoipata, Mama Mhina alimaliza chai yake kwanza, ndipo akasema, "Sasa unaweza kumgusa mtu." Kimfuko hicho kimo kwenye droo ya pili, Neema. Asije mtu akakipika.

Alinifundisha na mengine. Nyama iliyokatwa kwa ajili ya kipimo iende papo hapo kwenye fomalini ya kuizuia isioze, fomalini mara kumi ya kipande chenyewe, chupa iwe na mdomo mpana, jina liandikwe kwenye chupa na si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Mara moja fomalini ilikwisha, mwenzetu akatumia maji ya chumvi. Chupa ilikaa njiani siku tatu, ikafika maabara imeoza. Mama Mhina hakumgombeza. Alimpa ile barua ya majibu, akamwambia akamsomee mgonjwa mwenyewe, kitandani kwake, kwamba itabidi akatwe tena. Yule mwenzetu hakurudia kosa, wala sisi tuliokuwa tunachungulia mlangoni.

Lakini kuna jambo moja alilonifundisha ambalo lilikuwa baya, na nililibeba miaka yote hiyo kama amana. "Titi huulizwa upande wa mama," alisema. Mama mzazi, dada zake, bibi mzaa mama. Wakiwa wazima wote, andika: ukoo, hakuna. Naye aliambiwa hivyo na waliomtangulia, na kwa kweli iliingia akilini, ugonjwa wa wanawake uulizwe kwa waliokunyonyesha. Simlaumu. Alikuwa muuguzi bora kuliko mimi na kuliko nyie wote, msinune.

Na tuseme ukweli, swali hilo nusu lilitufaa. Mwanamke wa huku atakueleza habari za mama yake mdogo huku anacheka. Mwulize kifua cha shangazi yake, atatazama sakafu. Shangazi ni baba aliyevaa khanga, mwili wake hautajwi. Kwa hiyo tuliliruka swali, tukaona ni adabu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshahamia Korogwe na kupewa hicho chumba cha mwisho, walikuja wanawake wawili wiki moja. Mmoja alikuwa Mama Kabula wa Hale, mjukuu wa Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge, mkulima wa nyanya mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Uvimbe wake ulikuwa kama limau, na ngozi juu yake imeanza kuvutwa ndani. Nikamgomba kwa kuchelewa. Akanijibu kwamba nyanya hazingoji.

Wa pili alikuwa Rukia, fundi cherehani wa Kwamndolwa, Mzigua, kwao ni kijiji cha bondeni jirani na Hale. Huyu alikuja mapema kama tunavyowahubiria watu waje. Uvimbe wake ulikuwa harage, si zaidi. Niliupima kwa utepe wake mwenyewe wa kazini, aliokuwa ameuvaa shingoni.

Nyie vijana huenda hamjui: Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kuondoka na kuku wako, na hununi. Siku ya msiba wenu ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, alivyotembea, alivyokohoa, alivyogombana na watu, mpaka wanaolia wacheke. Hawa wawili walifahamiana tangu utotoni, kwa sababu kila msiba wa akina Rukia, kwa akina Mama Kabula ndiko walikoitwa watani. Benchi langu lilikuwa halikaliki kwa makelele yao.

"We Mzigua, fa upesi nichukue khanga zako."

"Utangoja sana. Wewe na limau lako ndiye utatangulia, nije niwalishe wajukuu zako nyanya mbovu."

"Nyanya mbovu unazo wewe, tena umezificha kifuani!"

Nilijaza fomu ya Rukia. Mama yake mzima, analima. Bibi mzaa mama alikufa kwa uzee. Nikaandika: ukoo, hakuna. Rukia akasema taratibu, "Sista, shangazi yangu aliugua mkono."

"Mkono tutauangalia siku nyingine," nikamjibu. "Leo tuko kwenye titi."

Nje kulikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi. Mkikaa kwenye kiti hicho mtanielewa, lakini msinisamehe haraka.

Mdogo wake Rukia, Mwajuma, ndiye aliyemsindikiza kila safari. Siku hiyo alisimama mlangoni akauliza, "Na mimi je, Sista?" Nikamwambia ukoo wa mama yao ni msafi, huu ni wa dada yake peke yake. "Wewe nenda kalime." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru.

Mama Kabula na Rukia walipewa rufaa siku moja. Walikatwa mwezi mmoja, wakapata dripu zile zile, nywele zikawanyonyoka pamoja, wakacheka vipara. Nilikuwa nikimwangalia Mama Kabula nasema moyoni, huyu hafiki mwaka. Rukia nilimwambia kwa mdomo wangu, "Wewe umewahi, utashona mpaka uzeeke."

Mwaka haukuisha. Ulianza mgongo wa Rukia. Kisha mkono wa upande ule ukavimba, hauingii tena kwenye mkono wa gauni alilojishonea mwenyewe. Kisha kikohozi. Picha ya kifua ilipokuja, niliitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikatoka nje nikasimama nyuma ya jengo. Tulichobaki nacho ni mofini ya maji ya kutuliza maumivu, nayo siku ilipokuwepo. Alikufa saa nne asubuhi Mwajuma akiwa anamwosha miguu. Na Mama Kabula wa limau akaja msibani kwa miguu yake, amebeba kreti ya nyanya kichwani.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda. Nilikuwa nimekaa mkekani na sahani ya wali Mama Kabula alipotokea mlango wa nyuma, amevaa khanga ya Rukia. Alikuwa amekunja kitenge amekibana kwapani ili mkono ukae mbali na mwili, kiwiko amekishika kwa mkono wa pili. Akavuka ua kwa hatua fupi fupi, kila hatua ya tatu anasimama kuvuta pumzi. Alikuwa Rukia mtupu. Wanawake wakaangua kicheko, wengine huku wanafuta machozi.

Katikati ya ua akasimama, akatupa kitenge chini.

"Nimechoka na mkono huu!" akapiga kelele. "Nyie Wazigua wa hapa, mkono huu mmoja nitauiga mpaka lini? Shangazi yenu Mwantumu nilimwiga hivi hivi, hapa hapa, na kikohozi chake. Bibi yenu mzaa baba mama yangu ndiye aliyemwiga, mimi mtoto nimemshikia ndala. Hamjui kufa kifo kingine?"

Watu wakacheka tena, maana mtani hajibiwi. Mimi niliweka sahani chini. Sista, shangazi yangu aliugua mkono. Nilisikia sauti ya Rukia vile vile alivyosema, na nilisikia jibu langu.

Nilimfuata Mama Kabula jikoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku zile za benchi.

"Uliniuliza?" alisema. "Ulimwuliza mgonjwa. Mgonjwa atamvua shangazi yake nguo mbele yako? Hiyo ni kazi yangu mimi." Halafu sauti ikamshuka, jambo nisilowahi kulisikia. "Mimi nilikuwa na limau, Sista. Yeye harage. Na leo mimi ndiye nimevaa nguo zake. Nieleze, hiyo ni haki gani?"

Nikaenda kumtafuta Mwajuma.

Nilimkuta chumba cha ndani anakunja mikeka. Nikafunga mlango, nikamwambia alale kitandani kwa marehemu, sikuwa na mahali pengine. Vidole vitatu, bapa. Sikuhitaji wiki mbili. Kivimbe kilikuwepo upande wa kushoto, juu, na kwapani kulikuwa na kingine kidogo kigumu.

"Hiki?" alisema Mwajuma, ananitazama usoni. "Hiki kipo tangu mahindi yaliyopita. Nilijua ni maziwa ya mtoto wa mwisho yameganda. Si ulisema ukoo wetu ni msafi?"

Ilikuwa mchana mweupe, nje watu wanakula. Nilimwambia avae tuondoke, na kesho yake tulikuwa hospitali ya rufaa, mimi na yeye, nimeomba ruhusa kwa kusingizia mgonjwa wa nyumbani. Haikuwa uongo mkubwa.

Daktari wa huko alikuwa kijana, mwembamba, anapenda kuchora nyuma ya fomu. Alipomaliza na Mwajuma nikamwuliza lile swali la Mama Kabula. Kwa nini limau limepona na harage limeua, dawa zile zile, hospitali ile ile?

"Mama," alisema, "zamani tulidhani jibu lote limo ndani ya uvimbe. Ni wa aina gani, mkubwa kiasi gani, umekatwa lini. Hayo bado ni kweli, na aina ya uvimbe wa Rukia inaweza kuwa na sehemu yake. Lakini siku hizi wanachunguza na mwenye mwili. Vinasaba alivyozaliwa navyo, ambavyo vimo mwili mzima kabla uvimbe haujaota. Kuna vinavyomfanya mtu awe rahisi kuugua. Na huenda kuna vingine vinavyohusika na safari: mtu akishaugua, mwili wake unaiachia saratani njia, inahamia mifupani, mapafuni. Mwili wa mwingine unaibana pale pale ilipo."

"Huenda?"

"Huenda. Nikikuambia ndivyo, nitakuwa nakudanganya. Kwa familia hii sina kipimo cha kunipa jibu hilo."

"Na vinasaba hivyo vinatoka kwa mama?"

Aliacha kuchora. "Nusu kwa mama, nusu kwa baba. Kinasaba hakijui kama baba hana matiti ya kunyonyesha. Anakipokea kwa mama yake, anampa binti yake, yeye mwenyewe pengine haumwi hata kichwa. Kwani huko kwenu mnauliza upande gani?"

Nilisema, "Pande zote." Ndiyo, nilidanganya. Muuguzi wa miaka mingi, mbele ya kijana wa umri wa mwanangu.

Mwajuma alikwenda kumweleza baba yao kabla sijamkataza. Mzee Athumani alinijia kliniki, kofia mkononi, hakutaka kukaa. Alikuwa amemzika mama yake, dada yake na binti yake, na alijua wa nne yuko njiani.

"Sista, naambiwa linatoka kwangu," alisema. "Mimi sijawahi kuumwa hata jino. Nimewapa nini watoto wangu?"

"Na wewe ulipewa, mzee wangu. Hukuchagua. Tena daktari kasema ni huenda."

"Huenda," alirudia, akavaa kofia yake. "Neno hilo nyie wa hospitali mnalijua kulitumia. Siku ya kumwambia mwanangu akalime hamkulikumbuka."

Nilistahili. Nilikaa kwenye kiti hicho chenye mguu mfupi, nikaacha foleni ingoje, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu.

Mwajuma aliishi miezi minane. Mgongo, mkono, kikohozi, kwa mpangilio ule ule, kama aliyekariri. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniumiza kuliko angenitukana. Nilipokwenda kumfunga mkono bendeji aliniuliza habari za mafuriko, za bei ya mahindi, za mguu wangu unaoniuma. Nilitaka kumwambia, nitukane basi! Kwenye msiba wake Mama Kabula alikuja, akapewa khanga, akasimama nayo katikati ya ua watu wote wakimngoja. Akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mkeka, akaketi. "Mtafuteni mtani mwingine," alisema. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Tangu hapo nilibadili daftari, na ndiyo hilo la kaunta mnaloniuliza kwa nini nalijaza kwa namna ya ajabu. Kurasa mbili zinazotazamana: kushoto mama, kulia baba. Chini ya baba nimechora mistari ya shangazi, bibi mzaa baba, na baba wenyewe, kwa sababu wanaume nao wanaugua titi, wachache, nao hufa kwa aibu. Msiulize tu nani aliugua. Ulizeni aliishi muda gani baada ya kuugua, na alianza kuumwa wapi tena. Wala msitegemee jina la ugonjwa. Watawaambia aliugua mkono, alikuwa na jipu la kifua lisilopona, mgongo ulimvunjika bila kuanguka. Andikeni vile vile walivyosema, halafu mfikiri.

Na mgonjwa akitazama sakafu, mwulizeni mtani wao ni nani. Mimi mwenyewe ni Msambaa, na Wazigua hututania, lakini ukishavaa sare nyeupe hakuna anayekutania, kila mtu anakuheshimu na hakuambii kitu. Nimewatuma watu wakamlete mtani wao kliniki. Karani wa mapokezi alinicheka mpaka akachoka. Wapo waliokuja, wakaniambia kwa dakika tano yale ambayo familia isingeniambia milele.

Siku yangu ya mwisho, mkiwa mnahangaika na majiko ya pilau nyuma ya jengo, nilisikia sauti kwenye benchi. "Ingia! Mzigua huyu nimemleta kwa kamba, Sista, mpokee kabla hajakimbia." Mama Kabula, bado yuko, na limau lake halijarudi. Alimsukuma ndani msichana mrefu mwenye macho ya Mwajuma, akafunga mlango akabaki nje.

"Shikamoo, Bibi," alisema Saida. Ana miaka ishirini.

"Marahaba."

Nilifungua kurasa mbili. Kushoto niliandika bila kumwuliza: mama, mama mkubwa, kisha nikavuka kwa babu, Athumani, nikashuka kwa Mwantumu na mama yake. Kalamu ilikuwa nzito. Kulia nikamwuliza upande wa baba yake, mmoja mmoja, na alinijibu bila kutazama sakafu. Kisha akalala. Nilitumia nusu saa nzima. Matiti yote mawili, makwapa yote mawili, juu ya mtulinga, kisha nikaanza upya. Sikupata kitu. Nikamwambia hivyo, na nikamwambia kwamba kutopata leo si kutopata kesho, kwa hiyo kila miezi sita, na nikamwandikia ultrasaundi.

Alipokuwa anafunga vifungo nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka kaburini.

"Saida, mimi ndiye niliyemwambia mama yako asiwe na wasiwasi. Alikuwa nacho, na akakaa nacho mwaka mzima kwa sababu yangu."

"Najua," alisema. "Aliniambia."

"Na umekuja kwangu hivyo hivyo?"

"Yeye ndiye aliyenituma. Alisema niende kwa Sista yule yule, kwa sababu wengine wanaweza kukosea, lakini yule hawezi kukosea mara ya pili."

Nililia, Neema. Nilifuta uso kwa shuka la kitanda cha wagonjwa, jambo ambalo ningekugombeza ungelifanya. Halafu ilibidi nimweleze kwamba pilau anayoisikia harufu yake ni ya kuniaga mimi, na kesho kiti hicho si changu.

Alisimama na mkoba wake, hakukasirika, alitaka tu kujua.

"Sasa mwezi wa sita nitamkuta nani?"

Nilimtajia jina lako.